Kipande cha Kaki Kwenye Gauni la Nafula

Malaba, Jumamosi jioni, Aprili 1974

Mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi katikati ya asubuhi, ikaiacha barabara ya daraja imejaa tope jekundu na malori yamepanga foleni hadi karibu na stesheni ya reli. Sasa jua limerudi, dogo na la manjano. Nimeketi kwenye meza yangu ya kazi, mkononi nina kalamu ileile ninayotumia kuwaandikia watu maombi yao. Leo hakuna mteja. Mwombaji ni mimi mwenyewe, wala sijui ombi langu nilipeleke ofisi gani.

Ninaona aibu.

Nimeliandika neno hilo peke yake makusudi, ili lisipate mahali pa kujificha. Ningalikuwa ninamwandikia mtu mwingine ningalisema kwamba mhusika, baada ya kuyatafakari mambo yote yaliyojiri, amefikwa na majuto yasiyo na kifani. Lakini wewe, shajara yangu, hupigi mhuri wala hupokei taadhima. Wewe utaelezwa mambo kama yalivyokuwa.

Mimi sikuvuka darasa la nne. Lugha hii niliyo nayo niliiokota mwenyewe, katika magazeti yaliyofungiwa sukari, katika Maandiko Matakatifu, na katika matangazo ya Serikali yaliyobandikwa ukutani, ambayo nilikuwa nikiyasoma nimesimama hadi askari wanifukuze. Leo watu hutoka Kocholia, hutoka Funyula kwetu nilikozaliwa, hata Busia mjini, wakaja kwenye baraza hii niwaandikie juu ya mipaka ya mashamba na malipo yao ya uzeeni. Kila barua yangu huishia kwa maneno "kwa heshima na taadhima." Ndiyo maana hapa Malaba hawaniiti kwa jina langu. Huniita Mzee Taadhima. Kwa muda mrefu nilidhani jina hilo ni sifa tupu.

Mwaka jana wazee wa soko walinijia. Walitaka Chifu aandikiwe juu ya wasichana wanaovaa nguo fupi. Serikali ya ng'ambo ya daraja, nchi jirani, ilikuwa imekwisha kuzipiga marufuku kwa wanawake wake, na wazee wetu waliona kana kwamba sisi tumeachwa nyuma katika heshima. Niliwaandikia. Niseme kweli, niliandika vizuri. Barua ilisomwa barazani, watu wakapiga makofi, nami nikatazama chini kama mtu asiyejua anasifiwa nani.

Haikubadilisha lolote. Wanawake wa upande huu wanaokwenda sokoni ng'ambo waliendelea na desturi yao: leso ndani ya kikapu, wakifika darajani wanajifunga, wakirudi wanaifungua na kuikunja. Hata mbuzi wa Malaba wanaijua desturi hiyo. Kilichobadilika ni mimi. Tangu siku ile nilianza kutembea kama mtu anayetazamwa.

Sasa nifike kwa Nafula.

Nafula ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa pekee, ambaye anafanya kazi ya reli huko Nakuru. Bado hajaanza shule. Anaishi nami hapa pamoja na mama yake, Amoit, binti wa Kiteso kutoka ng'ambo ya mto. Mke wangu alikwisha kufariki, kwa hiyo Amoit ndiye anayenipikia na kunifulia. Hunisemesha akitazama ardhi, kama inavyompasa mke wa mwana mbele ya baba mkwe. Nilikuwa nikiupenda sana utaratibu huo. Leo nimeuona una upande wa pili.

Gauni lenyewe lilitoka kwa mama yake Amoit. Miaka miwili iliyopita, bibi huyo alichukua gomesi lake la zamani, lile vazi lao refu la mabega yaliyochongoka na mkanda kiunoni, la rangi ya samawati lenye maua mekundu, akalikata na kumshonea Nafula kwa mkono. Alilishona refu hadi vidoleni. Mtoto alijikwaa humo siku nzima. Nilikuwepo, nimeketi mlangoni, na nilimsikia bibi akisema, "Msilikate wala msilishushe. Kila akija nitaona limefika wapi." Amoit alinieleza baadaye kwamba ndivyo alivyofanya kwa wajukuu wake wote. Nguo ya kwanza hugusa miguu, kisha huachwa, na mtoto hupanda ndani yake kama mhindi unavyopanda. Siku nguo inapofika magotini, bibi hupiga vigelegele, akakata nyingine.

Nililisikia jambo hilo kwa masikio yangu haya. Hakuna atakayeweza kunitetea kwamba sikulijua.

Wiki chache zilizopita, Nafula alikuwa akiruka kamba mbele ya duka la jirani, ndani ya gauni hilohilo. Lilikuwa limepanda hadi juu kidogo ya magoti. Huruka vizuri mtoto huyo, huruka kama ardhi inamchoma. Palikuwa na kijana mmoja, mbadilishaji wa pesa wa hapa darajani, mwenye ulimi usiopumzika. Aliniita mbele ya watu.

"Mzee Taadhima! Ile barua yako ya nguo fupi, kwako nyumbani haijafika? Ama posta ni mbali?"

Watu walicheka. Hamisi, fundi wetu wa cherehani, alicheka hadi akaondoa mguu kwenye kanyagio. Hata mama muuza ndizi alicheka, naye ana deni la adabu kwangu kwa barua niliyomwandikia bure.

Niliingia ndani. Nilimtazama mtoto kupitia dirishani, na kwa mara ya kwanza sikumwona Nafula anayeruka. Niliona pindo la gauni. Niliona umbali kati ya pindo na goti. Nilimtazama mtoto mdogo kwa jicho lile la barazani, jicho ambalo nililinoa kwa ajili ya wakubwa, na sikuliona kuwa ni jicho chafu. Nililiita heshima.

Ilitokea kwamba siku hizohizo tuliletewa habari kuwa bibi wa ng'ambo ni mgonjwa sana, miguu imevimba na macho yameingia ukungu, na kwamba anamtaka Nafula kabla ya jambo lolote lingine. Hapo nikapata sababu iliyoninyooshea njia. Nilimwambia Amoit kwamba tunakwenda katika nchi yenye amri juu ya mavazi, na kwamba familia yangu haitavuka daraja ikiwa na kasoro. Gauni litaongezwa urefu.

Amoit alikuwa akichambua mboga. Alisema, "Baba, mama atataka kulishika vile lilivyo."

Hayo tu. Alisema mara moja, akitazama mboga.

Nami nilimjibu kwa hotuba. Nilimweleza juu ya sheria za nchi na sheria za nyumba. Nilimweleza kwamba adabu ya mtu mzima hujengwa utotoni. Nilitumia neno "stara" mara nyingi kupita kiasi. Alisubiri nimalize, akasema, "Sawa, baba." Nikahesabu kwamba amekubali. Miaka yote hii ninaandika kwa niaba ya watu wasioweza kujisemea, na katika nyumba yangu mwenyewe sikumtambua mmoja wao.

Fundi Hamisi hakuwa na kitambaa kinachofanana na gauni. Alikuwa na masalio ya kaki ya kaptura za shule.

"Mzee," akasema, "huyu bado mdogo. Unataka nimshonee kanzu akasome Kurani chuoni kwetu?"

"Shona," nikasema.

"Kaki na maua? Itakuwa kama askari ameoa."

"Hamisi, shona."

Alishona. Nafula alisimama juu ya kigoda, akitazama chini. Kaki ilipofika karibu na vifundo vya miguu, na magoti na miundi yake vikawa vimetoweka, alinitazama. Hakulia. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Babu, magoti yangu yamefanya nini?"

Mimi, ambaye nimekwisha kumjibu Mkuu wa Wilaya barua kwa barua, nilitafuta jibu nikaokota hili: "Hayajafanya kitu. Ila hayafai kuonekana."

Hayafai.

Tangu siku hiyo alibadilika, na ninaandika hapa kwamba niliona. Aliacha kamba. Akiketi, aliweka viganja juu ya magoti kana kwamba yanaweza kuruka yenyewe yakatoka nje. Nikipita, alivuta pindo chini, ingawa lilikuwa limekwisha kugusa miguu. Mama yake alipomwogesha uani alitaka mlango ufungwe, naye zamani alikuwa akikimbia na povu mwilini hadi kwenye migomba, sisi sote tukicheka.

Niliyaona yote hayo, nikafurahi. Nilijiambia, adabu imeingia. Hiyo ndiyo sehemu iliyo ngumu kuiandika kuliko zote. Nilifurahi.

Leo, mvua ilipokatika, tulitoka. Amoit alijifunga leso yake darajani kama kawaida. Nafula alitembea katikati yetu, kaki imelowa tope, akiinua miguu juu kama kuku kwenye majani yenye umande. Nilikuwa nimevaa koti langu la kazi. Nilikuwa tayari kwa ukaguzi. Ndiyo, niliutamani ukaguzi.

Askari wa ng'ambo alimtazama mtoto kutoka juu hadi chini, akaanza kucheka.

"Muzee, hii mutoto umevalisha namna gani? Juu bibi harusi, chini polisi!"

Nilimweleza, kwa sauti ya kutosha ili wote waliokuwa kwenye foleni wasikie, kwamba tumezingatia amri ya nchi yake juu ya mavazi.

"Amri?" Aliinama akamshika Nafula kidevu, kwa upole. "Hapana, muzee. Ile iko ya wamama wakubwa. Hii kidogo hivi, nani atauliza yeye? Wacha yeye acheze."

Foleni nzima ilisikia. Kiswahili chake kilikuwa kimevunjika kila mahali, na kila alichosema kilikuwa kweli.

Tulipovuka, Amoit alisimama kando ya barabara. Alitazama tope. "Baba, basi tufumue hapa? Haitachukua muda."

Hapo ndipo ningaliweza kuokoka. Palikuwa na jiwe la kukalia. Nilikuwa na wembe mfukoni, ule ninaochongea penseli. Lakini foleni ilikuwa bado inatutazama, na nilijua nikipiga magoti pale kufumua, jambo hilo litafika kwa mbadilishaji wa pesa kabla sijafika mimi.

"Tutafumua tukirudi," nikasema.

Nyumba ya bibi haiko mbali na mto. Tulimkuta amelazwa kwenye kitanda karibu na mlango, apate hewa. Amekonda usoni na kuvimba miguuni, kana kwamba mwili wote umeteremka. Dada yake Amoit alikuwa jikoni nje. Mimi nilipewa kigoda, nikaketi kizingitini, mbali kidogo, kama inavyostahili wakwe wawili kuheshimiana.

"Yoga," bibi alitusalimu kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. "Nafula yuko wapi? Alete gauni langu."

Alisema Kiteso, nami Kiteso changu ni cha sokoni, lakini leo kilitosha. Ningalipenda kisitoshe.

Nafula alisogea. Bibi hawezi kuinuka, wala mkono wake haufiki mbali. Aliuachia uning'inie kutoka kitandani, akautafuta upindo. Vidole vyenyewe vimevimba, sidhani vinatofautisha kaki na hariri. Mkono ulianzia pale ulipotarajia kuukuta, usawa wa goti, ukapapasa kitambaa. Ukashuka. Ukapapasa. Ukashuka tena, hadi ukafika karibu na sakafu, na hapo ukaupata upindo, ukanyamaza.

"Bado liko chini," alisema.

Aliurudisha mkono juu, akapapasa tena hadi chini.

"Miaka miwili, na bado liko chini. Amoit, unampa nini mtoto huyu?"

"Chakula, mama."

"Chakula gani? Gauni halijapanda."

Kutoka jikoni dada mtu alidakia, hakuwa ameona kitu, alisikia tu: "Huko Malaba wanakula vumbi la malori! Si nilisema mtoto akae hapa?"

Nilimtazama Amoit. Alikuwa na maneno yote mdomoni. Sentensi moja tu ingalitosha: baba mkwe alilishonea kipande. Lakini kusema hivyo ni kunivua nguo mbele ya mama yake, nami nimeketi pale na koti langu. Aliyameza. Akasema, "Ni makosa yangu, mama."

Bibi alimgeukia mtoto. "Nafula, wewe unakula?"

"Ninakula."

"Basi mbona hukui?"

Nafula alinitazama mimi. Alivuta kaki chini kwa mikono miwili, karibu akanyage upindo, akasema kwa sauti ndogo, "Magoti yangu hayafai."

"Hayafai? Yana nini? Yanauma? Amoit, mtoto ana ugonjwa wa magoti?" Alijaribu kuinuka, akashindwa, na mkono ukaanza kupapasa hewa. "Mnanificha nini? Ameanza kupinda? Nife nikijua basi, msinifiche!"

Machozi yalimtoka katika yale macho ambayo hayaoni.

Nilisimama. Nilivua kofia. Nikaanza hivi, Mungu anisamehe: "Mama mkwe wetu mpendwa, kwa heshima na taadhima, ningependa kubainisha kwamba..." Nikasikia sauti yangu mwenyewe ndani ya nyumba ile. Niliyekuwa nikimwambia hakuwa akinielewa. Bibi alikuwa akiuliza, "Anasema nini? Anasema mtoto atakufa?"

Niliacha sentensi palepale. Ni sentensi ya kwanza maishani mwangu ambayo sikuimaliza.

Nikatoa wembe, nikapiga magoti kwenye sakafu ya udongo karibu na kitanda cha mkwe wangu, mahali ambapo mwanamume wa heshima zangu hakai, nikakamata upindo wa gauni la mjukuu wangu. Nafula alirudi nyuma. Alidhani nimekuja kulivuta zaidi. "Simama, mama," nikamwambia, "babu anaondoa." Bega langu liliegemea mguu wa kitanda. Hamisi alikuwa ameshona kwa bidii, mishono midogo iliyokazwa, na kila mshono ulikatika kwa sauti ambayo nilidhani inasikika hadi darajani. Amoit alipiga magoti upande wa pili, akanyoosha kitambaa nipate kukata.

Kaki ilianguka sakafuni. Gauni lilipanda, likasimama juu ya magoti, mahali pake.

Mimi siwezi kumshika mkono mkwe wangu. Amoit aliuchukua mkono wa mama yake, akauweka.

Bibi alipapasa ngozi tupu. Kisha akakamata goti la Nafula kama mtu anavyokamata embe kulijaribu. Akakamata la pili. "Magoti!" akasema. "Amoit, magoti haya yako juu hivi?" Alicheka, akakohoa, akajaribu kupiga kigelegele, kikatoka kama filimbi ya birika. Jikoni dada mtu akakimalizia kwa niaba yake.

Kisha vidole vikaanza kusoma makovu.

"Hili ulianguka wapi?"

"Kwa reli," akasema Nafula.

"Na hili refu?"

"Kwa bomba. Nilikuwa nakimbiza bata."

"Alikushinda?"

"Nilimshinda. Halafu nikaanguka."

Bibi alicheka tena. Akaendelea kupapasa, akitafuta kitu. "Na mabichi? Mbona yote makavu? Mtoto wa urefu huu hana kidonda kibichi?"

"Siku hizi siruki," akasema Nafula.

Hakusema kwa nini. Alikuwa ananikinga, kama mama yake. Watu wawili ndani ya nyumba ileile walikuwa wamenivika nguo ambayo sikuistahili, mmoja wao akiwa hajatimiza umri wa kwenda shule.

"Mama," nikasema kwa Kiteso changu kibovu, nikiwa bado chini sakafuni. "Ni mimi. Nguo, mimi nilishona refu. Magoti hayana ugonjwa. Mimi nilimwambia mabaya."

Sikuwa na maneno mengine katika lugha hiyo, kwa hiyo sikuweza kuyapamba.

Bibi aligeuza uso upande niliko. "Umenitisha, mkwe," akasema. "Nilikuwa nakufa nikiacha mtoto kiwete." Kisha, baada ya kupumua kidogo: "Mpeni chai. Anatetemeka, ninasikia kitanda."

Nilikunywa chai. Sikuwahi kunywa chai chungu hivyo, na ilikuwa imetiwa sukari, huku nikijua jinsi sukari ilivyo adimu kwao.

Tulirudi alasiri. Nafula alikuwa ameikunja kaki na kuishika mwenyewe, alikataa tuiache. Nyuzi zilining'inia kwenye upindo wa gauni. Askari alituona kwa mbali, akapiga saluti. "Ah! Polisi ameacha kazi!" Na upande huu, mbadilishaji wa pesa hakuchelewa: "Mzee Taadhima! Barua imerudishwa?"

Ningalikuwa na jibu asubuhi, jibu lenye vifungu. Lakini nilihisi mkono wa Nafula ukichomoka mkononi mwangu, nikatazama chini, nikaona umekwenda kushika upindo. Alikuwa amejificha nyuma ya koti langu, akiyakinga magoti yake dhidi ya kicheko ambacho kilikuwa changu mimi.

Sasa ni jioni. Amoit anapika. Leo amenisemesha akinitazama usoni, mara moja tu, aliponiuliza kama nitakula. Sijui kama ni msamaha au ni mwisho wa kitu fulani. Nimemjibu kwa neno moja, na limetosha.

Na nje, ninapoandika, Nafula ameifunga ile kaki kwenye nguzo ya baraza. Ni ndefu na ngumu, inafaa. Hana wa kumshikia upande wa pili, kwa hiyo anaizungusha kwa mkono mmoja na kujaribu kuiruka palepale, inamgonga miguuni, anaanza upya. Nimekuwa nikisikia miguu yake ikipiga ardhi yenye maji. Hiyo ndiyo sauti iliyokuwa imepotea katika nyumba hii, nami niliuita ukimya wake adabu.

Dakika hii nimekohoa. Ni vumbi la karatasi tu. Miguu ikasimama.

Nimeinuka nikachungulia. Amesimama kando ya nguzo, kamba imelala chini, na mikono yake miwili imeshika upindo wa gauni, inauvuta uelekee magoti ambayo hautayafikia tena.

Kikohozi changu tu.

Kufumua kaki kulihitaji wembe. Lile neno nililomshonea ndani sijui linafumuliwa na nini. Bibi akiondoka duniani, atakuwa ameondoka na magoti mkononi mwake, na kwa hilo ninashukuru. Lakini mtoto anabaki na mimi, na masikio yake yamejifunza hatua zangu.

Nani amewahi kuona Mzee Taadhima akishika kamba ya watoto mbele ya duka, foleni ya malori ikitazama? Kijana wa pesa atapata la kusema hadi Krismasi. Hamisi ataondoa tena mguu kwenye kanyagio.

Na waseme. Kesho nikitoka kanisani nitavua koti, niliache ndani. Upande mmoja wa kaki uendelee kufungwa kwenye nguzo. Upande wa pili nitaushika mimi, nizungushe polepole mpaka auzoee mkono wangu, na sitatazama upindo. Nitatazama miguu yake tu, nijue wakati wa kuinua kamba.

Kama atakubali kuruka.